Walishukia stesheni yangu

Miaka mitano nimekaa Abbey Wood, kusini mashariki mwa London, alfajiri napanda treni pale stesheni, usiku nashukia hapohapo, napita duka la Wanaijeria kuchukua ndizi za kukaanga, nalala, kesho tena. Sijawahi kujiuliza kabla yetu sisi nani alikuwa anashukia pale. Nilichojua mimi Abbey Wood ni mwisho wa reli ya Elizabeth na ni mahali pa kupata chumba kwa bei ambayo haikuui, basi.

Kumbe miaka ya 1860 kulikuwa na kundi la vijana, wachoraji na washairi na wasanifu, wanatoka mjini Jumamosi na mabegi yao wanashukia stesheni hiyohiyo (ilifunguliwa 1849, usiione vile), na nje wanakuta gari la farasi limefungwa mapazia pembeni linawasubiri, maana mwenye gari alikuwa mtu asiyeweza kuacha kitu bila kukipamba. Inasemekana wenyeji wakiliona linapita walidhani ni watu wa maonyesho wametangulia, wenzao na wanyama wako njiani. Gari linapanda kilima maili kama tatu mpaka kwenye nyumba ya matofali mekundu katikati ya miti ya matunda, na mwenye nyumba yuko mlangoni anapiga kelele za furaha. Huyo ndiye William Morris, mshairi na mchoraji wa michoro ya vitambaa na karatasi za ukutani.

Jina la Morris mimi nililijulia jikoni. Kuna bibi mmoja niliyekuwa namtunza hapa, Krismasi akanipa kitambaa cha kufutia vyombo, kina ndege wanaiba stroberi, mchoro wenyewe unaitwa Strawberry Thief, yaani mwizi wa stroberi, wa mwaka 1883. Nikajisemea hii nayo zawadi, mtu anakufungia kwenye karatasi nzuri kumbe ni kazi nyingine ya kuosha vyombo, nikakitupia kwenye droo. Siku moja nikakitoa nikakitandaza mezani nikabaki nimesimama. Mimi nimekulia nyuma ya meza ya kanga, mama yangu alikuwa akiuza kanga Ngamiani, Tanga, na kabla sijajua kusoma vizuri nilishajua kutazama mchoro unaanzia wapi na unajirudia wapi. Kwenye kile kitambaa nikatafuta pale unapojirudia, nikakosa. Nikatafuta tena kwa kidole, ndege huyu, jani lile, stroberi, dakika nzima. Aliyechora alikuwa ameficha mshono wake vizuri kuliko fundi yeyote niliyewahi kumwona, na hapo ndo nikaanza kumfuatilia.

Basi Jumamosi moja sina shifti nikapanda basi mpaka Bexleyheath. Usitegemee shamba. Mashamba ya matunda yamekwisha zamani, sasa hivi ni nyumba pacha pacha, magari mbele, mtu anaosha gari lake, unajiuliza hii ramani ya simu inanipeleka wapi, halafu unafika kwenye ukuta mrefu, unaingia getini, na nyumba yenyewe iko mbele yako na paa lake refu la vigae na madirisha ambayo hayafanani, hili la duara, lile la mstatili, kila moja limekaa pale chumba kilipolihitaji. Inaitwa Red House. Kilichonichekesha ni kwamba haina plasta. Kwetu nyumba ya matofali matupu maana yake pesa imekata, jirani akipita anasema masikini kaishia hapo. Na hata Uingereza ya wakati ule wenye pesa walikuwa wanapaka kuta zao chokaa na saruji laini zifanane na mawe, tofali tupu lilikuwa la kanisa dogo na nyumba ya mwalimu. Morris na rafiki yake Philip Webb waliliacha tupu makusudi, wakasema kama nyumba ni ya tofali basi ionekane tofali.

Webb ndo msanifu, na hii ndo nyumba yake ya kwanza kupewa kazi peke yake. Mwaka 1858 walikuwa Ufaransa wanashuka na mashua kwenye mto Seine, maongezi yakawa nyumba nyumba nyumba, Webb akageuza ramani ya safari akachora nyuma yake. Mwaka uliofuata ujenzi ukaanza, 1860 Morris akahamia na mke wake. Alikuwa na miaka 26. Kabla hujaona wivu, hela haikuwa ya jasho lake, marehemu baba yake alikuwa na hisa kwenye mgodi wa shaba kule Devon na kijana alipofika miaka 21 akaanza kupata kama pauni 900 kwa mwaka, na kwa wakati ule hizo ni hela za kutofanya kazi mpaka kufa.

Ila walikosea jambo moja na mimi mtu wa Tanga naliona kabla hata sijavua koti: vyumba vya maana vinaangalia kaskazini. Kwa nchi hii! Jua linazunguka nyuma ya nyumba linawapashia korido. Webb mwenyewe alikuja kulijutia baadaye.

Mzee aliyetuzungusha ni wa kujitolea, miwani inaning'inia kifuani, anaongea polepole kama anasimulia habari za ndugu zake. Tulikuwa watu wanane, mimi peke yangu ndo mweusi na ndo mdogo kwa miaka kama thelathini hivi. Akatupandisha ngazi za mwaloni zenye nguzo zilizochongwa kama minara, akatuambia tuinue macho. Dari limepakwa rangi, mchoro wa maumbo unajirudia wote, na ukisogea ukakaza macho unaona vitundu. Dari zima lina vitundu vidogo vilivyotobolewa plasta ikiwa bado mbichi, vinafuata mchoro, ili mwenye brashi ajue pa kupita. Wenzangu wakasema aaah wakaendelea. Mimi shingo ikaniuma pale, kwa sababu babu yangu mzaa mama alikuwa anashona kofia za viua, na kazi yake yote ilikuwa ndo hiyo, kwanza anachora kwa penseli kitambaani, halafu anatoboa tundu moja baada ya jingine, halafu anazungushia uzi, miezi inaisha kofia moja haijaisha. Penseli baadaye inafuliwa inatoka. Hapa penseli ya wenyewe imebaki darini miaka 160 na zaidi.

Na walipaka wao wenyewe. Hapo ndo nyumba hii inatofautiana na majumba mengine ya matajiri niliyotembezwa hapa Uingereza, yale unakuta dhahabu mpaka chooni na hakuna aliyewahi kushika nyundo. Samani alizotaka Morris madukani hazikuwepo, au zilikuwepo zikamtia kichefuchefu, wakaamua kutengeneza. Edward Burne-Jones, rafiki yake wa chuo, akachora ukutani sebule ya juu harusi ya kwenye hadithi ya zamani, bwana harusi na bibi harusi kawapa sura ya Morris na Jane mkewe. Dante Gabriel Rossetti, mchoraji na mshairi, akaja na mke wake Elizabeth Siddal, akaja Charles Faulkner ambaye ni mtu wa hesabu lakini naye akapewa brashi. Wiki nzima wanafanya kazi zao mjini, wikiendi wako kwenye ngazi wamejaa rangi. Na utoto, usiseme. Kwenye ile sebule kuna benchi kubwa la mbao lenye kabati na juu yake roshani ndogo unapanda kwa ngazi, siku moja Faulkner kajificha huko na akiba ya matufaha, vita ikaanza, Morris akatoka na jicho limevimba. Inasimuliwa pia kwamba usiku akilala walikuwa wanakunja mishono ya kizibao chake wanakibana, asubuhi akivaa hakiingii, anadhani kanenepa tena. Alikuwa mnene kweli na mwenye hasira za karibu, watu wa aina hiyo wana bahati mbaya ya kutaniwa.

Utani ambao umenikaa mpaka leo ni wa Rossetti. Morris alikuwa na msemo wake kwa Kifaransa cha zamani, si je puis, yaani nikiweza, anauweka kila mahali, kwenye vioo vya rangi upo mpaka sasa. Kuna sehemu za ukuta aliziachia nafasi tupu aje aziandike huo msemo, Rossetti akamuwahi, akajaza nafasi zote kwa maneno ya kumkejeli: kwa kuwa siwezi. Morris akawaka. Mimi nikacheka peke yangu kwa sauti, yule mzee akanitazama juu ya miwani, na sikuweza kumweleza kwamba huo ni ugomvi wa kanga kabisa. Jirani kavaa jina hili, wewe kesho unatafuta jina la kumjibu, unapita mbele ya mlango wake taratibu. Rossetti angekuwa mteja mzuri wa mama.

Sasa kuhusu Jane, maana huwa anatajwa kama pambo. Jane Burden, binti wa mtunza farasi wa Oxford, Rossetti na Burne-Jones walimwona ukumbi wa maigizo mwaka 1857 wakamwomba akae wamchore, Aprili 1859 akaolewa na Morris. Picha zake unazijua hata kama hujui, yule mwanamke mwenye shingo ndefu na nywele nyingi anayetazama pembeni kama mtu anayedaiwa. Lakini mwanamke huyo alikuwa na jicho la kitambaa. Siku za mwanzo wa ndoa aliona dukani London kitambaa cha sufu kizito, rangi ya bluu ya nili, hakina mbele wala nyuma, akakipenda akarudi nacho nyumbani. Mumewe akafurahi vibaya mno, hapohapo akaanza kuchora maua ya kudarizi juu yake, wakakaa wote wawili wanadarizi kwa nyuzi za rangi kali, vishada vya maua tu, rahisi kabisa, yakawa mapazia ya kutandika ukuta wa chumba cha kulala. Siku hizi yapo Kelmscott Manor, nyumba yake nyingine kule Oxfordshire, hapa hutayakuta.

Bluu ya aina ile pwani yetu ni kaniki, nguo ya shambani, nguo ya asiye na kitu. Wenye uwezo waliikimbia wakaenda kwenye kanga za rangi. Na huku mtu ana pauni 900 za bure anatandika ukuta kwa binamu wa kaniki, na ni mkewe aliyeona kwamba inafaa. Jane na mdogo wake Bessie wakawa wadarizi hodari kabisa. Halafu Aprili 1861 marafiki wakaona tunafanya haya kwa raha, kwa nini tusiuze, wakafungua kampuni, Morris, Marshall, Faulkner & Co., wabia saba, wote wanaume. Nilisubiri yule mzee aseme kitu hapo. Hakusema, akatupeleka chumba kingine. Nikamsamehe kwa sababu ya chumba chenyewe.

Ni chumba cha kulala, na kwa miaka mingi ukuta mmoja ulikuwa na kabati la nguo na wolpepa, yaani karatasi ya kubandika ukutani, watu wanajua kuna mchoro mmoja hivi umefifia nyuma yake, sijui Nuhu. Wataalamu wakaanza kubandua na kusafisha taratibu, na 2013 ikatangazwa kwamba ukuta mzima una watu: Adamu na Hawa na nyoka, Nuhu kashika safina ndogo mkononi kama mtoto alivyoshika gari la kuchezea, Raheli, na Yakobo na ngazi yake. Inaonekana siyo mkono wa mtu mmoja, Morris, Rossetti, Siddal, Burne-Jones, na mchoraji mwenzao Ford Madox Brown, kila mtu alipita na brashi yake. Nusu saa ningekaa pale. Kilichonishika siyo watu, ni mikunjo. Wamechora ukuta uonekane ni kitambaa kimetundikwa, juu umevutwa, chini unaanguka kwa mikunjo, kivuli hapa, mwanga pale. Nuhu pua imepotea. Raheli yuko kama mtu unayemwona kwa dirisha lenye mvuke. Lakini mkunjo wa kitambaa uko wazi kabisa, unataka kuunyoosha kwa mkono, na kuna kamba imewekwa kwa ajili ya watu kama mimi. Siddal alikufa Februari 1862, dawa ya usingizi yenye afyuni, miezi tisa baada ya kujifungua mtoto mfu. Kwa hiyo kama kuna mkono wake ukutani pale ni wa siku zilezile za raha.

Mengine nitayapita haraka. Bustanini kulikuwa na fito za kupandishia mawaridi, Morris akazichora zikawa wolpepa yake ya kwanza kuibuni, Trellis, 1862, ndege kawachora Webb. Mwaka 2003 mwanasayansi alipima kipande cha wolpepa hiyo rangi ya kijani akakuta aseniki, sumu kabisa, na ule mgodi wa baba ulikuja kuwa mmoja wa wazalishaji wakubwa wa aseniki duniani, Morris akiwa kwenye bodi mpaka miaka ya 1870 katikati. Madaktari walipolalamikia rangi hizo aliandika 1885 kwamba wamepandwa na homa ya wachawi. Na huyuhuyu 1883 alishakuwa mjamaa, mjamaa hasa, wa kusimama barabarani kwenye baridi kuuza gazeti la chama na kupinga vita ya Waingereza kule Sudan, huku mapazia yake wanayamudu matajiri tu, na yeye mwenyewe alilalamika hivyo. Nampenda na ananichosha. Kwa mtu aliyeimbishwa ujamaa shuleni, mtu wa namna hii siyo mgeni.

Sasa nifike nilipotaka kufika. Nyumba ile ukiitazama kwa juu ina umbo la L, na kwenye kona ya ndani, uani, kuna kisima cha matofali chenye paa lake la vigae limechongoka kama kofia ya mchawi. Kila anayefika anakipiga picha. Yule mzee akatusimamisha hapo, akanyoosha mkono upande ambao hakuna kitu, nyasi tu, akasema, na hapa ndipo ilipokuwa iwe nyumba ya pili.

Mwaka 1864 Webb alishachora ramani. Nyumba izunguke kisima pande zote, upande huu Morris na Jane na mabinti zao wawili, Jenny na May, upande ule Burne-Jones na mkewe Georgiana na mtoto wao, karakana za kampuni zije hapohapo, waishi wote, wafanye kazi wote, watoto wakue uani pamoja. Ndo ilikuwa ndoto ya tangu chuoni. Vuli ya mwaka ule mtoto wa Burne-Jones akashikwa na homa nyekundu, Georgiana mjamzito akaambukizwa, mtoto akazaliwa kabla ya wakati, Christopher, akaishi wiki tatu. Baada ya hapo Burne-Jones hakuwa na moyo wala hela za kujenga, akamwandikia Morris kwamba haiwezekani. Morris naye yuko kitandani na homa ya baridi yabisi, zile safari za kila siku za London zimemmaliza, mkono unatetemeka, akajibu. Kwenye barua kakubali kwamba alilia, kisha akamwambia mwenzake ameshapoa, asijisumbue, akaanza kumfariji yeye aliyefiwa.

Vuli ya 1865 akahamisha familia London, Queen Square, mwaka uliofuata nyumba ikauzwa. Miaka mitano tu jumla. Hakurudi kuiona tena, alisema hangeweza kuvumilia, na aliishi mpaka 1896.

Mimi na shoga yangu tuna kiwanja Kigamboni. Tulinunua pamoja, hela za mchezo na hela za shifti za usiku, nyumba mbili uwanja mmoja, jiko la nje moja la kupikia sikukuu, kisima katikati tuache kununua maji ya boza. Ramani ilichorwa nyuma ya kadi ya harusi ya watu, kwenye hiyo harusi, na bado ninayo. Msingi wa kwangu umesimama, una nyasi mpaka kiunoni. Wa kwake haujachimbwa. Mumewe alihamishwa Mwanza, watoto wakaanza shule, meseji ikaja ndefu sana, ya kuomba radhi tangu mstari wa kwanza, nikaisomea kwenye treni kabla ya kufika Woolwich. Mimi sikuandika barua nzuri kama ya Morris. Niliandika "sawa". Tena bila nukta. Tangu hapo ni idi njema na pole na msiba, miaka miwili.

Yule mzee alikuwa bado anaendelea. Akasema mwaka 1952 nyumba ilikuwa imechakaa, mnunuzi wa maana hapatikani, wakaja wasanifu wawili marafiki, Ted Hollamby na Dick Toms, na wake zao, wakachanga wakainunua na kuhamia familia mbili ndani ya nyumba moja. Hollamby alikaa humo akiikarabati mpaka alipofariki 1999, na mwaka 2003 ikaingia mikononi mwa National Trust, shirika la kutunza majengo ya kale, ndo tunaingia na sisi. Aliyasema hayo kwa kawaida tu huku anafuta miwani, watu wakaanza kuulizia chai iko wapi. Mimi nikabaki uani. Nikarudia kichwani: familia mbili, nyumba hiihii, kisima hikihiki. Miaka 87 imechelewa lakini walikaa.

Nikapiga picha kisima, na kile kipaa chake, na nyasi za upande wa pili, nikamtumia shoga yangu bila maneno yoyote. Nikaenda kunywa chai, ghali, keki kavu. Tiki zikawa bluu kabla sijamaliza kikombe. Anaandika, anaacha, anaandika, anaacha. Halafu ikaja voisi noti fupi, nyuma watoto wanapigana na redio inaimba, anauliza: "Na hicho kisima, kina maji?"

Sikuwa nimechungulia.